Upepo wa Tairi Haupaswi Kukisiwa

Dereva atokaye Kisumu mjini kuelekea magharibi hupita Otonglo kabla ya kufika njiapanda ya Kisian. Pale Kisian pana njia mbili. Moja itampeleka Maseno hadi Busia juu ya lami. Nyingine itampitisha Seme hadi Bondo na Usenge, ambako akiiacha lami kidogo tu atakutana na changarawe, mawe na mchanga wa ufuoni mwa ziwa. Na akiamua kugeuza gari, apite tena mjini hadi Ahero, atajikuta katika nyanda za Kano, penye udongo mweusi ambao mvua ya usiku mmoja huugeuza ukawa kama uji. Barabara hizi hazifanani hata kidogo. Hata hivyo, gari lake linaposimama kando ya pampu ya upepo, swali aulizwalo ni lile lile kila siku, na jibu lake ni lile lile. "Mkubwa, niweke ngapi?" "Weka thelathini na tano."

Kwa nini thelathini na tano? Ukimdadisi dereva, atakwambia ndivyo alivyozoea. Ukimdadisi fundi, atakwambia ndivyo madereva wasemavyo. Tarakimu hiyo imerithiwa kama jina la ukoo, na hakuna akumbukaye aliyeianzisha. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kiasi cha upepo kinachofaa hakirithiwi wala hakikisiwi. Huanzia kwenye tarakimu aliyoiandika mtengenezaji wa gari, kisha hurekebishwa kwa kuangalia mzigo na njia. Na iwapo wengi wetu hatujui hivyo, sababu mojawapo, nayo ni kubwa, ni kwamba tarakimu hiyo imeandikwa kwa lugha tusiyoisoma.

Nawalenga hasa wenye magari ya juu, yale yenye kuvutwa na magurudumu yote manne, kama vile Landrover, Prado na ndugu zao. Magari haya yamekuwa mengi katika kaunti zetu za ziwani, na wenyewe huyaamini kupita kiasi. Mtu hudhani kwamba kwa kuwa gari lake ni la kuhimili barabara mbovu, basi matairi yake hayahitaji uangalizi. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Gari ambalo asubuhi liko juu ya lami na jioni liko mchangani ndilo linalohitaji dereva anayejua zaidi habari za upepo.

Sisi tunaofundisha isimu tuna desturi ya kuyatazama maneno kabla ya kuitazama dunia, na hapa desturi hiyo yaweza kutufaa. Kiswahili chetu cha barabarani husema "kujaza upepo". Sina ugomvi na neno upepo, ijapokuwa hewa iliyofungiwa ndani ya tairi haivumi kokote. Neno linalotupotosha ni "kujaza". Debe hujazwa maji likafurika, na kila mtu akaona. Tairi halijai kwa namna hiyo. Lenye paundi 24 na lenye paundi 34 yaweza kuonekana sawasawa machoni, na teke la kiatu, ambalo madereva wengi wanaliamini, haliwezi kuyatofautisha. Kinachopimwa ni nguvu ambayo hewa iliyomo inausukuma ukuta wa tairi, yaani shinikizo.

Na neno shinikizo tunalijua vyema, kwani hospitalini tumelizoea katika shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliita presha. Mfano huo wa presha ya damu ni mzuri kuliko ule wa debe. Presha ikipanda huua, na ikishuka huua. Haionekani kwa macho, hivyo ni sharti ipimwe kwa chombo. Tena daktari hampimi mgonjwa aliyefika mbio akihema. Humwambia akae kwanza, atulie. Tairi nalo hupimwa likiwa limetulia na kupoa, kabla ya safari, au baada ya gari kusimama kwa muda wa saa tatu hivi.

Tuone sasa kazi ya hewa hiyo. Tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mjini Belfast mwaka 1888, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, kanuni haijabadilika: mpira ni mfuko tu, na hewa ndiyo inayobeba mzigo. Chukua gari la tani mbili. Kila tairi linabeba kiasi cha kilo 500. Likiwa na paundi 32, ambazo ni sawa na kilo mbili na robo kwa kila sentimita mraba, sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni kama sentimita mraba 220. Eneo hilo linakizidi kidogo tu kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa. Maisha ya abiria wote hutegemea viganja vinne vya namna hiyo.

Upepo ukipungua mno juu ya lami, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko. Kujikunja huko huzalisha joto, na joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi za chuma zilizomo ndani yake. Mwisho wake ni tairi kubambuka au kupasuka, kwa kawaida likiwa katika mwendo wa kasi. Upepo ukizidi mno, tairi husimama kwa katikati yake, kiganja kile hupungua, na breki hazishiki ipasavyo, hasa penye maji. Tena tairi gumu linapogonga shimo, nyuzi zake hukatika kwa urahisi zaidi kwa kuwa haliwezi kunywea.

Hapa yafaa niitaje imani moja ambayo imeenea sana katika joto letu la ziwani. Watu husema kwamba jua likiwa kali, upepo upunguzwe ili tairi lisipasuke. Ni kweli kwamba hewa ikipata joto shinikizo lake hupanda; kila nyuzi 10 za joto huongeza kiasi cha paundi moja au kuizidi kidogo. Lakini watengenezaji waliyajua hayo walipoandika tarakimu zao, nao waliacha nafasi ya ongezeko hilo. Mtu atokaye Busia, safari ya zaidi ya kilomita 100, akisimama Otonglo na kupima, aweza kukuta paundi 37 katika tairi lililoondoka na 32. Akiogopa na kuzitoa tano, asubuhi atakuta tairi lake lina 27. Amelitia njaa huku akidhani amelituliza. Siku inayofuata atalipeleka barabarani likiwa na upungufu, litajikunja zaidi, litapata joto zaidi, naye huenda akazidi kupunguza. Hivyo dawa ndiyo inayoleta ugonjwa.

Kosa la pili ni kusoma tarakimu isiyohusika. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kipimo cha juu kabisa, mara nyingi paundi 44 au 51. Kuna madereva waonao kwamba hayo ndiyo maagizo. Sivyo. Huo ni mpaka ambao aliyelitengeneza tairi anakutaka usiuvuke. Mtengenezaji wa tairi hajui tairi lake litafungwa kwenye gari gani, hivyo hawezi kukwambia kiasi kinachokufaa. Anayejua ni mtengenezaji wa gari, kwa kuwa ndiye aliyelipima uzito na kujua unavyogawanyika mbele na nyuma.

Mtengenezaji huyo aliandika jibu lake kwenye kibandiko kidogo. Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ya mlango, au ukingo wa mlango wenyewe. Hapo utaikuta saizi ya tairi na upepo wake, wa mbele na wa nyuma. Katika magari mengi ya aina hii yakiwa na mzigo wa kawaida, tarakimu huwa kati ya paundi 29 na 36. Hilo ndilo jibu la swali la fundi, nalo limekuwa pale mlangoni tangu gari litoke kiwandani.

Lakini tukifika hapo ndipo tatizo langu kama mwanaisimu linapoanza. Sehemu kubwa ya magari yetu hufika Mombasa yakiwa yametumika Japani, nayo sheria inataka yawe hayajapita miaka 8 tangu kusajiliwa. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani yana vibandiko vya Kijapani. Mwenye gari anaona michoro asiyoijua, na tarakimu kama 220 au 240 ambazo hazilingani na chochote kilichomo katika pampu ya fundi. Anaufunga mlango na kurudi kwa mazoea yake. Kwani afanyeje?

Tarakimu hizo ni kilopaskali. Ziko wazi kwa anayejua kuzigeuza, na njia rahisi ni kuzigawanya kwa 7. Kilopaskali 220 ni paundi 32, 240 ni karibu 35, na 250 ni 36 na ushei. Kugawanya kwa 7 hakuleti hesabu kamili, lakini hukufikisha karibu sana. Ukiona pembeni yake tarakimu ndogo kama 2.2 au 2.4, hiyo ni kilo kwa sentimita mraba, na maana yake ni ile ile. Ukikuta safu mbili zenye tarakimu tofauti, usidhani kuna kosa: yaweza kuwa moja ni ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma, au moja ni ya gari jepesi na nyingine ya gari lililosheheni.

Hilo la kusheheni lina uzito wa pekee kwetu. Ijumaa jioni, gari ambalo wiki nzima limembeba mtu mmoja kwenda na kurudi kazini hupakiwa watu saba, mizigo ikafungwa juu ya paa, na masufuria ya kupikia wageni yakasukumwa nyuma, safari ikaanza kutoka Nairobi kwenda mazishini Seme, Alego au Nyakach. Uzito wa nyuma umeongezeka kwa mamia ya kilo. Upepo ni ule ule wa Jumatatu. Kibandiko kinachotofautisha mzigo mdogo na mkubwa kwa kawaida hutaka nyuma paongezwe paundi kadhaa, na mwenye gari hana habari. Gari hilo hupita Nakuru na Kericho usiku, likikimbizwa ili liwahi, huku matairi ya nyuma yakizidi kupata moto. Hali ya namna hiyo haihitaji jini wala mchawi kuifafanua.

Sasa tuiache lami. Kama nilivyosema, kibandiko ni mwanzo wa hesabu, na njia ina neno lake. Kwenye changarawe na barabara zenye mawimbi madogo madogo, tairi gumu humrusha dereva na kumfanya asishike usukani vyema. Kupunguza paundi nne au sita, kutoka 32 hadi 26 au 28, hulifanya tairi linyumbuke na kuyameza mawe madogo bila kutobolewa. Mwendo nao ni sharti upungue. Kilomita 80 kwa saa ni nyingi mno kwa barabara ya namna hiyo. Penye mawe makali, kama yale ya Seme karibu na Kit Mikayi, usipunguze zaidi ya hapo, kwa sababu tairi lililolegea huutoa ubavu wake nje, na ubavu ndio sehemu dhaifu isiyozibika kwa pancha ya kawaida.

Mchanga ni mwalimu mwingine. Gari linapozama ufuoni, dereva asiyejua hukanyaga mafuta, na kila anavyokanyaga ndivyo anavyochimba kaburi la gari lake. Kinachotakiwa ni kupunguza upepo hadi paundi 16 au 18. Kumbuka hesabu yetu ya kiganja: ukipunguza shinikizo kwa nusu, eneo linalogusa ardhi huongezeka takriban maradufu, na tairi hurefuka likawa kama unyayo wa ngamia badala ya kwato za punda. Usishuke chini ya 15 pasipo dharura, maana mdomo wa tairi waweza kuchomoka kwenye rimu, hasa ukikata kona ghafla. Na ukiwa katika hali hiyo, mwendo uwe wa polepole sana, kilomita 20 au 30 kwa saa, bila kufunga breki kwa nguvu.

Katika matope ya Kano jibu liko katikati. Paundi 22 hadi 25 husaidia gari lisizame upesi, lakini udongo ule mweusi hunata na kujaza meno ya tairi, na tairi lisilo na meno yanayofaa halitaokolewa na upepo wa kiasi chochote. Mafuriko ya mwaka 2024 yalitukumbusha tena kwamba huko Nyando gari la juu si la anasa. Ndilo lifikishalo dawa na unga pale ambapo gari dogo haliwezi kukanyaga. Dereva wa gari kama hilo akikwama kwa kutojua upepo, wanaoumia ni wale wanaomngoja.

Kuna sharti moja ambalo halina msamaha. Anayepunguza upepo lazima aurudishe kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi la paundi 18 lililookoa gari mchangani ndilo tairi litakalopasuka likikimbizwa kilomita 100 kwa saa kutoka Bondo kwenda Kisumu. Kwa hiyo, asiye na pampu ndogo inayotumia betri ya gari, na asiye na kipimo chake mwenyewe, asiguse vali ya tairi akiwa mbali na mahali pa kujazia. Vyombo hivyo viwili kwa pamoja ni rahisi kuliko tairi moja jipya. Otonglo, kwa Kijaluo, ni jina la sarafu ya zamani ya senti kumi, na naona jina hilo linafaa: upepo ni kitu cha bei ya otonglo kinacholinda kitu cha maelfu ya shilingi, na juu yake uhai usio na bei.

Huenda msomaji akaniambia kwamba ninakuza jambo dogo, kwamba paundi nne haziwezi kumwua mtu. Namkumbusha yaliyotokea Marekani. Gari la Ford liitwalo Explorer, gari la juu lililopendwa mno miaka ya 1990, lilikuwa likiandamana na maagizo ya kutiwa paundi 26. Lilifungwa matairi ya Firestone, ambayo baadhi yake yalikuwa yakibambuka kwenye mwendo wa kasi, hasa katika majimbo yenye joto, na gari hupinduka. Mwezi Agosti mwaka 2000 Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na matairi hayo. Makampuni hayo mawili, yaliyokuwa yameshirikiana kwa karibu karne nzima, yalilaumiana hadharani, na mojawapo ya mambo waliyozozania ilikuwa iwapo gari lile lingetiwa 26 au 30. Matairi yalikuwa na kasoro zake, na gari nalo lilishutumiwa kwa wepesi wa kupinduka. Lakini pengo la paundi nne lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa na wataalamu na kujadiliwa na wabunge.

Baada ya msiba ule, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huo huo wa 2000, na matokeo yake ni kwamba magari mapya ya huko, kufikia yale ya mwaka 2008, yalilazimika kuwa na kifaa cha kumwonya dereva upepo ukipungua. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, yanayotufikia sisi, hayana kifaa hicho. Kwa hiyo dereva wetu hana taa ya kumwonya, na kibandiko ambacho kingemwonya hakisomi. Amebakia na mazoea, na mazoea yana taabu.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la ufundi peke yake. Ni la lugha, na kwa kuwa ni la lugha, ni la haki. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyoinunua. Habari gani inahitajika zaidi kuliko ile inayomwambia mtu namna ya kufika nyumbani akiwa hai? Mtu amelipa mamilioni ya shilingi kununua gari, akalipa ushuru wa serikali, kisha akakabidhiwa maagizo ya usalama kwa lugha ambayo yeye wala fundi wake hawaijui. Tungepewa dawa hospitalini ikiwa na maelezo ya Kijapani matupu, tungenyamaza?

Pendekezo langu ni jepesi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani yaweke sharti kwamba gari lililotumika lisiuzwe wala kusajiliwa nchini kabla ya kubandikwa kibandiko cha pili, kwa Kiswahili na Kiingereza, kando ya kile cha asili. Kiwe na mambo manne tu: saizi ya tairi, upepo wa mbele na wa nyuma kwa gari jepesi, upepo wa mbele na wa nyuma kwa gari lililosheheni, na neno la kukumbusha kwamba upepo hupimwa tairi likiwa baridi. Tarakimu ziwe za paundi na za kilopaskali. Anayeingiza magari kwa biashara hatashindwa na gharama ya karatasi ya ukubwa wa kiganja. Aidha, shule za udereva ziyafundishe hayo, na mtahini amwulize mtahiniwa upepo wa gari analotahiniwa ndani yake na mahali ambapo umeandikwa.

Najua yatakayosemwa. Kuna watakaosema kwamba siku hizi simu yaweza kupiga picha ya kibandiko na kukitafsiri papo hapo. Ni kweli, na mwenye simu hiyo aitumie leo bila kungoja serikali. Lakini haki ya kujua haipaswi kutegemea aina ya simu aliyo nayo mtu. Wengine watasema kwamba magari mengi yamebadilishwa matairi, hivyo kibandiko hakifai tena. Hili nalo ni kweli kwa kiasi. Aliyefunga matairi mapana zaidi, au yale mazito ya aina ya lori ndogo, hawezi kuifuata tarakimu ya mlangoni bila kuuliza, kwa sababu tairi zito mara nyingi huhitaji upepo zaidi ili libebe mzigo ule ule. Amwulize muuzaji amwonyeshe jedwali la tairi hilo, kisha aandike jibu na kulibandika mahali pale pale. Lakini huyo naye hawezi kuhesabu badiliko asipojua alikoanzia.

Wako pia watakaowatupia lawama mafundi wa pembeni mwa barabara. Mimi siwalaumu. Fundi wa upepo ndiye mwalimu wa mwisho ambaye dereva hukutana naye kabla ya safari, na mara nyingi ndiye peke yake. Lililo kosa ni swali tulilomfundisha kuuliza. Badala ya "Niweke ngapi?" aulize, "Umebeba nini, na unaenda wapi?" Dereva akijibu maswali hayo mawili kwa ukweli, na kibandiko kikajibu la tatu, hakutakuwa na haja ya kukisia.

Kabla wakubwa wa Nairobi hawajalisikia ombi hili, kila mwenye gari aweza kuanza kesho asubuhi, gari likiwa bado baridi uani. Afungue mlango, asome tarakimu, azigawanye kwa 7 zikiwa kilopaskali, aziandike kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha karatasi, na akibandike pale pale. Asisahau kulipima na lile tairi la akiba, ambalo wengi hulikumbuka wakati limekwisha kuwa laini kama chapati. Kazi yote ni ya dakika kumi. Serikali nayo haitachukua muda mrefu zaidi ya huo kuelewa kwamba maandishi ya usalama yasiyosomeka ni sawa na maandishi yasiyokuwapo.